Sokoine: Mtoto wa wafugaji aliyewakabili wahujumu uchumi

APRILI 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki dunia kwa ajali ya gari eneo la Wami Dakawa, mkoani Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Hayati Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938, Monduli, katika familia ya wafugaji wa Kimaasai, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Katika jamii iliyohesabu utajiri kwa ng'ombe, na ambayo kijana alitarajiwa kuchunga, yeye alipata elimu Monduli na kisha Umbwe, Kilimanjaro. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, alijiunga na TANU. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mbunge, mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi, na Februari 1977 Mwalimu Julius Nyerere akamteua kuwa Waziri Mkuu.

Kipindi hicho kilikuwa kizito. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka huohuo wa 1977, na mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Novemba 1980 Sokoine aliacha wadhifa huo kwa sababu za afya, akarejeshwa Februari 1983.

Safari hii alikuta maduka matupu. Sukari, sabuni na khanga vilipatikana kwa foleni au kwa magendo. Machi 1983 ulianza msako mkali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikaunda mahakama yake, ambayo washitakiwa wake hawakuruhusiwa kuwa na mawakili. Wananchi wengi walishangilia, kwani waliona wakubwa wakiguswa. Hata hivyo, sheria hiyo iligusa hata matendo yaliyofanyika kabla haijatungwa, na mwaka 1984 ilifutwa kwa sheria mpya iliyozipeleka kesi hizo Mahakama Kuu.

Msako ulifichua bidhaa zilizofichwa, lakini haukuweza kuzalisha nyingine. Miezi miwili baada ya kifo chake, Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje.

Dalili ya mabadiliko hayo ilikwisha kuonekana akiwa madarakani. Mwaka 1983, mabasi ya UDA yalipokuwa yameelemewa na abiria, mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa kusafirisha abiria jijini kihalali. Kwa nauli ya shilingi tano, iliyoitwa dala, yakapata jina la daladala. Mkazi wa pembezoni, awe wa Mbagala au Kimbiji, anayepanda daladala leo, ananufaika na uamuzi wa wakati huo.

Sokoine alizikwa Monduli. Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoanzishwa Morogoro mwaka huohuo wa 1984 kilipewa jina lake. Sifa yake ya uadilifu haijafifia; lakini miezi yake 14 ya mwisho inafundisha pia kwamba nia njema ya kiongozi huhitaji sheria ya haki na maduka yenye bidhaa.