Joseph Black: Mtu Aliyepima Hewa Iliyofungwa Ndani ya Jiwe

Kila askari aliyepata kulinda bohari anaijua sheria moja: kitu kikipungua, hapana budi ijulikane kimekwenda wapi. Sheria hiyo, ilipotumiwa kwa mizani na unga mweupe, ndiyo iliyompa Joseph Black jina ambalo halijafutika tangu karne ya 18. Wakazi wa Kasese, kuanzia vilima vya Mahango hadi mpakani Bwera, wana sababu ya kumkumbuka. Saruji huchomwa wilayani mwao, pale Hima. Na mito ishukayo kutoka Rwenzori, kama Nyamwamba uliofurika mwaka 2013 na tena 2020, huwadai madaraja na kuta mpya.

Black alizaliwa mwaka 1728 mjini Bordeaux, Ufaransa, ambako baba yake, mzaliwa wa Belfast, alifanya biashara ya mvinyo. Alipotimiza umri wa miaka 12 alipelekwa shule Belfast, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Huko alifundishwa na Daktari William Cullen, aliyemzoeza kazi za maabara. Mwaka 1752 alihamia Edinburgh kumalizia masomo ya uganga.

Wakati huo maji ya chokaa yalitumiwa kutibu vijiwe vya kibofu, na maprofesa wawili wa Edinburgh walikuwa wakibishana juu yake. Kijana huyo hakutaka kujiingiza katika ugomvi wa wakubwa wake. Akaiacha chokaa, akachagua magnesia, unga mweupe ambao wakati huo watu wachache walikuwa wameuchunguza.

Aliichoma magnesia kwa moto mkali, akaipima kabla na baada. Zaidi ya nusu ya uzito ilikuwa imetoweka. Maji aliyoyakusanya yalikuwa machache mno kueleza upungufu huo. Aligundua pia kwamba magnesia mbichi ikitiwa katika asidi hutoa mapovu, lakini iliyochomwa haitoi. Basi kilichotoroka kilikuwa hewa. Ndipo akaiyeyusha ile iliyochomwa katika asidi, akaongeza magadi yenye hewa hiyo ndani yake. Magnesia ikarudi katika hali yake ya kwanza, ikiwa na uzito karibu uleule, na mapovu yakarudi. Hesabu ya bohari ikawa imekamilika.

Hewa hiyo aliiita hewa iliyofungwa. Leo twaijua kama hewa ya ukaa. Alionyesha kwamba huzima mshumaa, huua mnyama, na hutoka katika pumzi za binadamu. Kazi hiyo aliitoa kwa Kilatini mwaka 1754 alipohitimu udaktari, na kuichapisha kwa urefu mwaka 1756.

Mwaka huohuo alianza kufundisha Glasgow. Huko aligundua kwamba barafu inayoyeyuka humeza joto jingi bila kupanda moto wake hata kidogo. Alifanya urafiki na fundi wa vyombo James Watt, akamsaidia kwa fedha alipokuwa akitengeneza injini yake ya mvuke. Kuanzia mwaka 1766 alifundisha Edinburgh, na wanafunzi walimjia kutoka nchi nyingi. Hakuoa, na aliandika kidogo mno; mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1803, baada ya kifo chake.

Miaka zaidi ya 200 imepita, na ugunduzi wake umeingia katika kazi ya ujenzi. Saruji ya kawaida hutokana na mawe ya chokaa yaliyochomwa, na utengenezaji wake hutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Hivyo wataalamu wanajaribu zege la magnesia, ambalo hunyonya hewa hiyo na kugeuka tena kuwa jiwe. Shida ni kwamba punje za magnesia hujifunika ngozi nyembamba inayozuia maji na hewa kupenya. Kwa sababu hiyo huongezwa kemikali, kama vile asetati ya magnesi, ili magnesia iyeyuke upesi, hewa iingie zaidi, na zege lipate nguvu.

Hata hivyo, mizani ya Black yatuonya. Magnesia ikichomwa kutokana na jiwe lenye hewa hiyo ndani yake, tanuri huitoa kwanza. Zege likiinyonya baadaye, linalipa deni tu, tena bila kuhesabu moshi wa kuni au makaa. Faida ya kweli hupatikana magnesia ikitoka katika mawe yasiyo na hewa hiyo, au katika maji ya chumvi. Isitoshe, zege hilo halilindi nondo dhidi ya kutu kama lifanyavyo zege la kawaida. Hivyo hufaa zaidi kwa matofali kuliko kwa nguzo za daraja.

Black alifariki mjini Edinburgh mwaka 1799. Yasemekana alikutwa ameketi kwa utulivu, kikombe cha maziwa kikiwa magotini, na hata tone moja halikumwagika. Ndugu askari, siku utakapotumwa kusimamia ujenzi wa ukuta baada ya mafuriko, na mtu akakusifia saruji mpya, fuata desturi ya mzee huyu: uliza kilichoingia, uliza kilichotoka, kisha upime.