John Harrison, Fundi wa Saa

John Harrison alizaliwa Uingereza mwaka 1693. Alikuwa seremala kama baba yake. Siku zile merikebu nyingi zilipotea, kwa maana bila saa ya kweli baharia hakujua amefika wapi upande wa mashariki au magharibi. Joto hurefusha vyuma vya saa, baridi huvifupisha. Kwa hiyo saa zilichelewa kwa joto, zikakimbia kwa baridi.

Harrison alijua kwamba shaba hurefuka kupita chuma. Akaunganisha vipande viwili vyembamba, kimoja cha shaba, kimoja cha chuma. Joto lilipoongezeka, vilipinda pamoja, vikasawazisha mwendo wa saa. Mwaka 1761 mwanawe William alisafiri na saa hiyo kwenda Jamaica. Ilikosea sekunde chache tu. Harrison alikufa mwaka 1776.