Charles Fries, mtu aliyesikiliza Kingereza cha watu

Leo tunataka kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake hatulisikii sana darasani. Lakini kila mara mwalimu wa Kingereza anaposema fungu la maneno, na sisi wote tunalirudilia kwa sauti, tunatembea katika njia yake.

Charles Carpenter Fries alizaliwa mwaka 1887 katika muji wa Reading, jimbo la Pennsylvania, inchi ya Marekani. Alisoma Bucknell, kisha akafundisha Kigriki palepale. Nyuma akahamia Universite ya Michigan, muji wa Ann Arbor, akafanya kazi huko miaka mingi sana.

Wakati ule waalimu wengi walishika sarufi kama vile askari anashika sheria: hii inafaa, ile ni kosa, basi. Fries aliuliza jambo lingine: watu wenyewe wanasema namna gani? Kwanza alichunguza barua nyingi ambazo raia wa kawaida waliandikia Serikali, akatoa kitabu mwaka 1940. Lakini barua si kinywa. Mtu akishika kalamu anajichunga.

Kwa hiyo, nyuma ya vita ya pili ya dunia, alikusanya mazungumzo ya telefoni yaliyonaswa kwa mashini: karibu masaa 50, maneno 250.000, wasemaji kama 300. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1952. Vitabu vya zamani vilisema kwamba sentensi ni wazo kamili. Lakini wazo kamili utalipima na nini? Yeye aliangalia pahali mtu mmoja ananyamaza na mwenzake anaanza kusema. Tena aliona kwamba msikilizaji hakai kimya kabisa. Anaitikia kidogo-kidogo ili mwenzake ajue kwamba yuko. Kumbe hata sisi tunafanya vile!

Hatutaki kuficha jambo moja. Wale watu hawakujua hata kidogo kwamba maneno yao yananaswa. Fries alitaka waseme bila kujichunga. Lakini nani kati yetu angefurahi kama mazungumzo yetu ya chumba cha kulala yangenaswa kwa siri? Siku hizi wachunguzi wanapaswa kuomba ruhusa kwanza, na sisi tunaona ni haki.

Katika mwaka 1941 alikuwa ameanzisha huko Michigan chuo cha kufundisha Kingereza kwa wageni. Huko walisikia kwanza, wakasema, wakarudilia mpaka ulimi unazoea. Wengine walikuja kusema kwamba kurudilia kama kasuku hakutoshi, na ni kweli. Fries alikufa mwaka 1967.

Sisi wa mwaka wa mwisho tumejifunza nini? Tumezoea kumcheka mwenzetu anayejaribu Kingereza na kukosea. Matokeo yake, wengi wananyamaza, wanafika kwenye egzamen ya Serikali wakijua sheria zote, lakini mgeni akiwasalimu, kinywa kinafungwa. Tangu leo tunaomba hivi: mwenzako akisema, msikilize mpaka mwisho. Kusahihisha kutakuja nyuma. Na sisi viongozi wa wanafunzi tutaanza, maana sisi ndio tulicheka zaidi.