Udet, Rubani Aliyeachwa Hai

Wasomaji wetu, siye wa Kamina ndege za vita si habari mpya, maana Base iko hapa karibu. Lakini wenzetu wanaozichezea kwenye simu wanabishana kila siku: adui akianza kutoa moshi, umfuate umalize, ao umwache aende? Njo maana tunaandika maisha ya Ernst Udet. Yeye jambo hilo lilimpata kweli.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1896. Katika vita kuu ya kwanza aliangusha ndege 62. Kwao alipitwa na Richthofen tu, mwenye 80. Mwaka 1917 alikutana peke yake na Guynemer, Mfaransa aliyeogopwa sana. Wakazungukana, wakazungukana, kumbe bunduki za Udet zimekwama. Akaanza kuzipiga kwa ngumi. Guynemer akapita karibu, akaona, akapunga mkono, akaenda zake.

Ni Udet mwenyewe aliyesimulia hayo. Guynemer alikufa Septemba mwaka ule ule. Wengine wanasema labda bunduki za Guynemer nazo zilikwama. Inawezekana. Lakini ndege nyingi kati ya zile 62, Udet aliziangusha baadaye, na ndani yake mlikuwa Wafaransa na Waingereza.

Vita ilipokwisha akawa mtu wa michezo ya hewani na wa filamu. Mwaka 1930 alikuja Tanganyika kupiga picha za wanyama kutoka juu. Akirudi kwao, mwaka 1931, ndege ikamshinda huko Sudani, karibu na mto Nile. Aliyemkuta na kumwokoa ni Tom Campbell Black, Mwingereza wa Wilson Airways ya Nairobi. Naye katika vita alikuwa rubani, upande wa adui! Mara ya pili tena.

Mwaka 1933 Udet akaingia chama cha Hitler, na mwaka 1936 akapewa ofisi ya kuchagua ndege za jeshi. Alisukuma sana Stuka, ile inayoshuka wima na kutupa mabomu. Warszawa waliionja mwaka 1939.

Hapa darasa letu liligawanyika. Wamoja wanasema Guynemer angepiga tu. Siye wengine tunakataa: mbele yake hakukuwa Stuka, kulikuwa kijana wa miaka 21 anayepiga chuma kwa ngumi.

Kazi ya ofisi ilimshinda Udet, wakubwa wakamtupia makosa. Tarehe 17 Novemba 1941 alijipiga risasi. Serikali ikatangaza eti ajali ya kujaribu silaha mpya, ikamzika kwa heshima kubwa Berlin, karibu na kaburi la Richthofen.