Fumo Liyongo: Shujaa Aliyeokolewa na Ngoma

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu hana budi kuuvuka Mto Tana pale Garsen. Akishavuka, akashika upande wa Witu, ataikuta njia ya mkono wa kulia ishukayo hadi Kipini, mto unakomwagikia baharini. Upande huo ndio Ozi ya wazee wetu. Hapo ilikuwapo miji iliyotajika: Shaka, Mwana, na Ungwana, ambayo msikiti wake wa Ijumaa ungali gofu mpaka leo. James Kirkman alipochimba Ungwana katika miaka ya 1950 alivikuta vigae vya vyombo vya Kichina, ushahidi kwamba mali ya mbali ilikuwa ikifika kwenye mlango wa Tana zamani sana.

Sahani za Wachina zilitufikia, lakini nyimbo zao hatukuachiwa. Chombo huuzwa na mfanyabiashara akaenda zake. Ngoma haihami ila na mwenyewe. Wachina waliohamia Malaya, Singapore na San Francisco walikwenda nayo ngoma yao ya simba, na hadi leo huicheza ugenini kwa ngoma kubwa, upatu na matoazi. Nasi wa pwani tunayo ngoma iliyohama na watu wake ikaokoka miji ilipokufa. Nayo ni gungu, na jina lililofungamana na gungu ni la Fumo Liyongo.

Alizaliwa lini? Wataalamu hawakupatana. Wako wanaomweka karne ya 13, na wako wanaomleta hadi ya 16 au 17. Lakini mji wake ulikuwa Shaka, na sifa zake zilikuwa tatu: nguvu, upinde na utungo. Watu wengi hukumbuka zile mbili za kwanza tu. Husimulia jinsi alivyokwenda Pate kwa siku moja safari ya siku nne, na begani amechukua mfuko wenye vinu, michi, vyungu na mafiga, na jinsi alivyopiga pembe hata zikapasuka, wageni waliokuja kumtazama wakaingiwa na hofu.

Wageni hao walikuwa Wagala, jina ambalo Waorma wa leo hawalipendi, na wana haki. Walipomwona walitamani mbegu yake iingie kwao, basi wakamwoza binti yao, akazaa naye mwana wa kiume. Habari hii haifai kupitwa mbiombio. Mwaka 2012 damu ilimwagika huku Tana Delta baina ya Waorma na Wapokomo, wakafa watu zaidi ya 100 kwa sababu ya malisho, maji na mashamba. Na shujaa mkubwa kuliko wote wa mto huu alikuwa mkwe wa wafugaji. Wapokomo nao wanazo habari zao za Liyongo, wala si za sifa tupu, kwani husema aliwatoza kodi.

Sultani wa Pate alimwogopa. Liyongo akakimbilia bara, akaishi mwituni. Sultani akawaahidi Wasanye na Wadahalo fedha wamuue. Hao wakamfanya rafiki, wakashauri kula makoma, kila siku mtu mmoja apande mkoma awaangushie wenziwe. Zamu yake ikifika, apigwe mishale akiwa juu. Zamu ilipofika, Liyongo hakupanda. Alisimama chini akayaangusha makoma kwa mishale yake.

Hila ya pili ilikuwa kali zaidi, kwa sababu ilipita kwenye kitu alichokipenda. Aliitwa Pate kwenye gungu, na huko akakamatwa, akatiwa minyororo gerezani. Kila siku mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, na kila siku walinzi walikila kizuri wakamwachia makombo. Ndipo Liyongo akamwimbia Saada ujumbe kwa mamaye, walinzi wakisikia wasifahamu: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Mkate ulipokuja, walinzi waliucheka, wakampa ule wote mwenyewe.

Alipoulizwa haja yake kabla ya kuuawa, aliomba achezewe gungu na mwao. Usiku ule watu wakakusanyika nje ya gereza. Anayeijua ngoma ya namna hii anaelewa kishindo chake: tasa la shaba linapigwa, matoazi yanagongana, waimbaji wanaitikia kwa sauti moja. Liyongo alitoa tumbuizo kutoka ndani, nao wakapokea. Kila walipopaza sauti alikereza chuma. Waliponyamaza naye alinyamaza. Hakuna aliyesikia tupa. Minyororo ilipokatika alitoka, wachezaji wakatawanyika, naye akarudi bara. Mimi naona usiku huo ndio kiini cha maisha yake kuliko mfuko wa vinu: jitu lile halikuvunja gereza kwa nguvu, lilifunguliwa na waitikiaji wasiojua wanalolifanya.

Mwisho wake ulitoka kwa damu yake. Sultani alimhadaa mwanawe kwa ahadi ya uwaziri na ya kumwoza bintiye. Kijana akamdadisi babaye, akajua kuwa hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni, akamchoma usingizini. Liyongo aliamka, akatwaa upinde, akaenda kisimani, akapiga goti, mshale umepakwa uzini. Akafa hivyo hivyo. Watu walidhani yu hai. Siku kadhaa hakuna aliyethubutu kuteka maji, mpaka mama yake alipokwenda kumbembeleza kwa nyimbo, na mwili ukaanguka. Mwana hakupewa alichoahidiwa. Alifukuzwa, akaenda kwa wajomba zake, akafa kwa maradhi.

Kaburi lake huonyeshwa Kipini. Shaka na Ungwana zilihamwa, zikamezwa na mwitu, na gungu likaenda na watu. Askofu Steere alikuta tumbuizo zake Unguja, akazichapisha London mwaka 1870 pamoja na kisa cha Liyongo. Kisha mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitia kisa chote katika utenzi, na Alice Werner akauchapisha mwaka 1926. Kijumwa huyo, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mchonga milango, mwandishi wa hati nzuri na mpigaji wa kibangala, chombo cha nyuzi ambacho nacho kilifika kwetu na wahamiaji, kutoka Yemeni.