Alitia Watu Moyo Huku Wake Umevunjika

Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, simu zetu zinajaa maneno ya kutia moyo. Mmoja ametuma kwa kikundi cha ushirika, mwingine ametuma kwa kikundi cha akina mama. Na mara nyingi chini ya hayo maneno kuna jina moja: Spurgeon. Tunasoma, tunasema amina, tunapitishia wengine. Lakini ukiuliza huyu Spurgeon alikuwa nani, wengi wetu tutasema tu ni mhubiri wa zamani. Wengine hudhani alikuwa mtu asiyejua shida, ndiyo maana maneno yake ni matamu hivyo. Si kweli. Hebu leo tumjue.

Charles Haddon Spurgeon alizaliwa tarehe 19 Juni 1834 katika kijiji cha Kelvedon, Uingereza. Baba yake alikuwa mhubiri, babu yake pia. Akiwa mtoto mdogo alikaa na babu yake miaka kadhaa, na kwa ile nyumba kulikuwa na vitabu vingi vya watumishi wa zamani. Hapo ndipo alipokutana na Safari ya Msafiri, kitabu cha John Bunyan, mhubiri aliyekaa gerezani miaka 12 kwa sababu ya kuhubiri. Spurgeon alikisoma zaidi ya mara 100 maishani mwake. Kwa hivyo huyu ambaye maneno yake yanatulisha sisi, naye alilishwa na maneno ya waliomtangulia.

Lakini kuwa mjukuu wa mhubiri si kuokoka. Alikuwa kijana wa miaka 15, moyo haujatulia, anazunguka makanisa akitafuta amani. Jumapili ya tarehe 6 Januari 1850 theluji ilianguka sana, akashindwa kufika alikokuwa anaenda. Akaingia kanisa dogo mjini Colchester. Mhubiri wa siku hiyo naye alikuwa amezuiwa na theluji. Akasimama mtu wa kawaida, asiye na elimu kubwa, akashika andiko moja tu, Isaya 45:22, akalirudia rudia: mwangalie Bwana uokolewe. Kisha akamtazama yule kijana, akamwambia anaonekana mwenye taabu, na dawa ni kumwangalia Yesu. Siku hiyo Spurgeon akaokoka. Usidharau neno kwa sababu aliyelisema hana jina kubwa.

Mwaka 1854, akiwa na miaka 19 na hajapita chuo chochote cha Biblia, aliitwa kuchunga kanisa la New Park Street pale London. Watu wakafurika. Kuanzia 1855 mahubiri yake yalichapishwa kila wiki na kuuzwa kwa senti moja tu ya Kiingereza, ili hata mfanyakazi wa mkono aweze kununua. Ni kama hiki kijarida ulichoshika sasa.

Halafu ikaja usiku wa tarehe 19 Oktoba 1856. Kwa kuwa kanisa lilikuwa limekuwa dogo, walikodi ukumbi mkubwa wa Surrey Gardens. Watu zaidi ya 10,000 waliingia. Ibada ikiendelea, watu wabaya wakapiga kelele kwamba kuna moto. Hakukuwa na moto. Lakini watu walikimbilia milango, wakakanyagana, saba wakafa, na 28 wakaumizwa vibaya. Spurgeon alikuwa na miaka 22. Mke wake Susannah alikuwa nyumbani na mapacha wao, watoto wa mwezi mmoja tu. Magazeti yakamshambulia badala ya kumhurumia.

Mpendwa, yule kijana alivunjika. Marafiki walimtoa mjini wakamficha apumzike. Alilia mchana na usiku. Hata kuiona Biblia kulimfanya atokwe na machozi, yeye mhubiri! Kilichomwinua ni lile neno la Wafilipi 2, kwamba Mungu amemwadhimisha Yesu juu sana. Akaona kwamba hata yeye akianguka, jina la Yesu halianguki. Baada ya wiki mbili akarudi madhabahuni.

Alirudi, lakini kidonda hakikuisha. Maisha yake yote alikuwa na vipindi vya huzuni nzito. Siku hizi tungesema ana depresheni. Tena alikuwa na ugonjwa wa jongo, ule wa kuvimba viungo, na baadaye figo. Mke wake naye aliugua miaka mingi, mara nyingi hakuweza hata kufika kanisani. Na katikati ya hayo yote kazi iliendelea: chuo cha wachungaji mwaka 1856, kanisa la Metropolitan Tabernacle la watu kama 5,000 mwaka 1861, makao ya watoto yatima mwaka 1867. Wanafunzi wake wa uchungaji hakuwaficha. Aliwapa somo zima kuhusu kuzimia moyo kwa watumishi wa Mungu, akijitaja mwenyewe.

Hapa nataka tuseme ukweli. Kwetu mshirika akisema amelemewa, jibu huwa haraka: omba zaidi, funga, tubu, kuna kitu umeficha. Mimi naamini maombi na naamini kufunguliwa. Lakini kuna ndugu na dada wanaokaa kimya kwa viti vyetu wakiogopa kusema hawalali, kwa sababu watahesabiwa hawana imani. Wengine wameacha kuja kabisa. Je, Spurgeon hakuwa na imani?

Mwaka 1861, baada ya ajali mbaya za treni nchini mwake, alihubiri kutoka Luka 13 akakataza watu kusema waliokufa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Alijua anachosema. Na hayo mahubiri yalifika mbali. David Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, kati ya vitu vyake palikutwa nakala ya mahubiri hayo, na juu yake ameandika kwa mkono kwamba ni mazuri sana. Mtu mgonjwa, mbali na kwao, alitembea na karatasi ya mahubiri ndani ya Afrika. Neno la kutia moyo si jambo dogo.

Mwaka 1887 Spurgeon alijiondoa katika umoja wa makanisa ya Kibatisti ya nchi yake kwa sababu ya mafundisho aliyoona yanapotoka. Wengi walimgeuka, hata baadhi ya wale aliowafundisha. Ni katika kipindi hicho aliandika kitabu chenye ahadi moja ya Mungu kwa kila siku ya mwaka, akakiita kitabu cha hundi cha benki ya imani. Mimi niliyesomea biashara mfano huu unanigusa. Cheki ikikaa kwa droo haikununulii unga. Lazima uisaini nyuma, uipeleke benki, uulizie pesa yako. Ahadi za Mungu ni vivyo hivyo. Spurgeon hakuandika kitabu hicho akiwa ameshiba na kutulia. Aliandika akiwa kwa foleni mwenyewe, cheki mkononi.

Alifariki tarehe 31 Januari 1892 mjini Menton, Ufaransa, akiwa na miaka 57. Lakini mahubiri yake yaliendelea kuchapishwa kila wiki hadi 1917. Miaka 25 mtu yuko kaburini, bado anatia watu moyo!

Basi wiki hii tufanye mambo mawili. Kwanza, neno likikugusa kwa simu, usilipitishe tu. Tafuta andiko lililolizaa, lipeleke kwa Mungu kwa maombi, umkumbushe ni Yeye aliahidi. Pili, mtafute mtu mmoja ambaye amenyamaza siku nyingi. Usimtumie maneno ya Spurgeon kwanza. Mpigie, au mtembelee, umuulize halali kwa nini, kisha usikilize. Na kama huyo aliyenyamaza ni wewe, njoo tuongee. Hapa hakuna atakayekuhukumu. Na ukihitaji daktari, tutakusindikiza kwa daktari, na huko pia tutakuombea.

Mungu akubariki.