Rwagasore na kalamu za wakoloni

Nilifika Nduta, wilayani Kibondo, mwaka 2016, miezi michache baada ya kambi ile kufunguliwa tena kupokea wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamefurika Nyarugusu kule Kasulu. Nilikuwa na gazeti moja la Dar es Salaam mkononi. Ndani yake kulikuwa na makala ya nusu ukurasa kuhusu chimbuko la fujo za Burundi, na humo Mwanamfalme Louis Rwagasore ametajwa kuwa kiongozi wa Watutsi aliyeuawa katika ugomvi wa Watutsi na Wahutu. Mzee mmoja wa Buyenzi, ambaye alikuwa kijana wakati Rwagasore anauawa, alinisomesha sentensi ile mara mbili, kisha akaniuliza aliyeandika ni nani na alizaliwa wapi. Sikuwa na jibu.

Ndugu msomaji, sentensi ile ilikuwa na makosa mawili. Rwagasore hakuwa Mtutsi wala Mhutu kwa hesabu ya Warundi wenyewe. Alikuwa Mganwa, yaani wa ukoo wa kifalme, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Na waliomuua hawakutumwa na Wahutu. Wakuu wa njama walikuwa Waganwa wenzake, Jean-Baptiste Ntidendereza na ndugu yake Joseph Biroli, watoto wa Chifu Baranyanka. Ulikuwa ugomvi wa Wabezi na Watare, milango miwili ya nyumba moja ya kifalme, na nyuma yake Wabelgiji.

Rwagasore alizaliwa Gitega Januari 1932. Alisoma Astrida, kisha akapelekwa Ubelgiji. Aliporudi hakukaa kwenye kivuli cha baba yake. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara mjini Usumbura, na hapa ndipo Waislamu wanapoingia katika habari hii. Waswahili wa Usumbura, watu wa biashara ndogondogo, ndio waliokuwa uti wa mgongo wa ushirika ule. Wabelgiji walikuwa wakiwatazama Waswahili kwa jicho baya kwa miaka mingi: hawakuwa watu wa misheni, hawakuwa chini ya machifu, na walikuwa na jamaa zao Kigoma na Ujiji. Ushirika haukudumu, lakini watu wake wakawa watu wa UPRONA, na wengi tu tunaojua historia ya TANU pale Kariakoo hatuhitaji kuelezwa mambo haya huendaje.

Kisha kalamu zikaanza kazi. Rwagasore alikuwa rafiki wa Nyerere na alimheshimu Lumumba. Kwa utawala wa Kibelgiji hilo lilitosha. Akaitwa mkomunisti. Huyu ni mtoto wa mfalme, aliyetaka ufalme ubaki chini ya katiba, chama chake kimejaa machifu na wachuuzi wa dagaa, na bado aliitwa mkomunisti! Neno lile halikuwa na ushahidi, ila lilikuwa na faida. Msomaji wa Brussels akishalisoma hahitaji kuuliza kwa nini kijana huyu anafungiwa nyumbani.

Na kweli alifungiwa. Agosti 1960 mkutano wa Brussels ulikwishapiga marufuku ndugu wa karibu wa Mwami kushika nafasi za siasa, marufuku iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo akawekwa kizuizini nyumbani kwake, ukapigwa uchaguzi wa mitaa bila yeye. Chama cha PDC cha akina Ntidendereza kikapata viti 942 na UPRONA 545. Ukizisoma takwimu hizo peke yake, bila ya habari ya kizuizi, utasema Warundi walimkataa Rwagasore. Takwimu hazikukosewa hata moja. Ndiyo maana nasema habari inaweza kuwa sahihi na ikawa ya uongo.

Umoja wa Mataifa uliingilia kati. Tarehe 18 Septemba 1961 ukafanyika uchaguzi wa wabunge, waangalizi wakiwepo, na Rwagasore akiwa huru. UPRONA ikachukua viti 58 kati ya 64. Mkomunisti yule alikuwa amepigiwa kura na nchi nzima, Watutsi na Wahutu, vijijini na Buyenzi.

Akawa Waziri Mkuu mwishoni mwa mwezi ule. Tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa katika chakula cha usiku Hotel Tanganyika kando ya ziwa, alipigwa risasi na Mgiriki aitwaye Kageorgis. Alikuwa na umri wa miaka 29. Tanganyika ilipata uhuru wake wiki nane baadaye, na yeye hakuuona. Kageorgis aliuawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru wa Burundi. Wengine walihukumiwa upya, na Januari 1963 watano wakanyongwa hadharani Gitega, Ntidendereza na Biroli wakiwemo.

Kuhusu mkono wa maofisa wa Kibelgiji, yapo mambo yaliyosemwa kwa kunong'ona kwa miaka mingi. Mwaka 2021 mtafiti wa Kibelgiji, Ludo De Witte, alitoa kitabu kizima kilichochimbua nyaraka za nchi yake mwenyewe na kuwatuhumu maofisa wa ukoloni. Miaka sitini! Mtu wa Buyenzi alikuwa akiyasema hayo barazani tangu 1961, na hakuna mwandishi aliyemwendea na daftari.

Mzee wa Nduta aliniambia kuwa mwaka 2015, zilipovunjwa na kuchomwa redio za Bujumbura mwezi wa Mei, yeye hakushangaa sana. Aliyekuwa akimtia shaka zaidi ni mwandishi aliyebaki, yule anayeandika akiwa mbali na kuamini kuwa Burundi ina makabila mawili na habari moja. Aliniomba niwaandikie wenye gazeti lile wasahihishe. Niliwaandikia nilipofika mjini, nikataja Waganwa, nikataja PDC, nikaweka na tarehe. Haikuchapwa. Mwaka uliofuata makala nyingine ikatoka kwenye gazeti lilelile, na Rwagasore alikuwa bado kiongozi wa Watutsi.